MWILI WETU NA KAZI ZAKE: Figo, Kibofu na Ugonjwa wa Kichocho

Wasomaji wetu, katika kueleza viungo vya mwili, leo tumefika kwenye figo na kibofu cha mkojo. Huenda mtu akaona haya kusoma habari za mkojo gazetini, lakini haya hizo ndizo zilizowadhuru watu wengi wa Kwale, toka Kinango mpaka Msambweni na Lunga Lunga. Mgonjwa huona damu akanyamaza. Na ugonjwa usiotajwa hautibiwi. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

KAZI YA FIGO

Kila mtu ana figo mbili, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Aliyepata kuchinja mbuzi anaijua sura yake. Ya mtu mzima yapata ukubwa wa ngumi yake. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo idadi yake yapata milioni moja.

Kazi ya vichujio hivyo ni kusafisha damu. Kwa mchana na usiku mmoja figo zote mbili huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, yaani madebe tisa ya lita 20. Kama maji hayo yote yangalitoka nje, mtu angalikauka kabla ya jua kuchwa. Lakini figo huyarudisha karibu yote mwilini, pamoja na sukari na chumvi ihitajiwayo, zikaacha taka na maji kidogo tu. Hayo yaliyoachwa ndiyo mkojo, nao kwa kawaida hupata lita moja au mbili kwa siku.

Kutoka kwenye figo mkojo hushuka kwa mirija miwili myembamba, kila mmoja urefu wake sentimita 25 hadi 30. Mirija hii haikulala tu kama mpira wa maji. Ina misuli yake inayojikaza kidogo kidogo na kuusukuma mkojo mpaka kibofuni.

Kibofu ni mfuko wa nyama. Ndani kina utando laini unaoweza kutanuka. Nje ya utando huo kuna misuli yenye nguvu. Mfuko huu huweza kupokea kiasi cha nusu lita, na ukijaa hupeleka habari kwenye ubongo. Wakati wa kukojoa misuli hujikaza, mlango wa chini hufunguka, na mkojo hutoka. Msomaji alikumbuke neno hilo la kujikaza, maana tutalirudia.

MGENI ASIYEALIKWA

Mwaka 1851, huko Kairo katika nchi ya Misri, tabibu Mjerumani aitwaye Theodor Bilharz aliona minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyempasua kwa uchunguzi. Hao ndio wadudu wa kichocho, na kwa sababu ya jina lake ugonjwa huu huitwa pia bilhazia.

Mdudu huyu ana urefu wa sentimita moja hadi mbili, mwembamba kama uzi. Dume ana mfereji mwilini mwake, na jike hukaa humo muda wote. Watu wengi hudhani kwamba wadudu hawa hukaa ndani ya kibofu chenyewe, kumbe sivyo. Hukaa katika mishipa midogo ya damu iliyokizunguka kibofu, wakijifunika kwa vitu walivyovichukua katika mwili wa mwenyeji wao, hata askari wa mwili wasiwatambue. Kwa hiyo huweza kuishi humo miaka mitatu, mitano, hata zaidi.

Jike hutaga mayai kila siku, na kila yai lina mwiba nchani. Mayai mengine hupenya ukuta wa kibofu, yakaingia katika mkojo na kutoka nje. Mengi mengineyo hukwama katika nyama za ukuta huo, na hapo ndipo taabu huanza. Mdudu alijificha, lakini yai halikujificha. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hulizunguka yai na kujenga uvimbe mdogo. Uvimbe huo ukipona huacha kovu. Tena makovu yakizidi, chokaa huingia humo, na ukuta uliokuwa laini huwa mgumu.

Basi madhara makubwa ya kichocho hayaletwi hasa na mdudu mwenyewe, bali na vita ambavyo mwili wapigana na mayai yake.

Sasa turudie lile neno la kujikaza. Kibofu chenye vidonda kinapojikaza kutoa matone ya mwisho, vidonda hubanwa na kutoa damu. Ndiyo maana mgonjwa wa kichocho mara nyingi hukojoa mkojo safi mwanzoni, na damu huonekana mwishoni, pamoja na maumivu ya kuchoma.

Katika sehemu nyingi za Afrika watu walidhani kwamba mvulana akikojoa damu ni alama ya kubalehe. Fikira hiyo si ya kweli. Kibofu kikiwa kigumu hakitanuki tena, na mtu hwenda kukojoa mara nyingi. Makovu yakiifunga ile mirija miwili, mkojo hurudi nyuma, figo hujaa na kuvimba, na huweza kuharibika polepole pasipo maumivu makubwa ya kumwamsha mwenyewe. Tena mwaka 1994 wataalamu wa kimataifa wa saratani walithibitisha kwamba mdudu huyu wa kichocho huweza kuleta saratani ya kibofu.

Wanawake nao wana hatari yao. Mayai huweza kukwama katika viungo vya uzazi na kuleta vidonda, damu, maumivu, na hata kukosa mimba. Ni wanawake wangapi wametuhumiwa uasherati, kumbe ugonjwa waliupata walipokuwa wakifua nguo mtoni! Mume mwenye akili asiharakishe kulaumu. Na ampeleke mkewe hospitali kwanza.

MAJI YA TAMU NA MAJI YA CHUMVI

Yai likifika katika maji ya tamu hupasuka, na kijidudu hutoka na kumtafuta konokono mdogo wa jamii ya Bulinus. Asipompata, hufa. Akimpata, huongezeka ndani yake, na baada ya majuma kadha konokono huanza kutoa vijidudu vingi vyenye mkia. Hivi haviingii kinywani tu, bali hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, kwa muda wa dakika chache, wala mwenyewe asihisi neno. Kutoka ngozini huchukuliwa na damu kupita moyoni na mapafuni, hufika katika ini, hukua humo, huoana, kisha hushuka kwenye mishipa ya kibofu. Baada ya miezi miwili au mitatu mayai huanza kutagwa.

Katika wilaya za Kwale mambo haya yote yapo tayari: vidimbwi, malambo, na mito kama Ramisi na Mkurumudzi, konokono, na watu ambao hawana budi kuteka, kufua na kuoga. Kidimbwi kikikauka wakati wa kiangazi msidhani kwamba konokono wote wamekufa. Wengine hujificha katika tope, na mvua ikirudi nao hurudi.

Bahari haina kichocho, kwa kuwa konokono huyo hawezi kuishi katika maji ya chumvi. Mtoto aogeleaye pwani ya Diani au Msambweni hatapata ugonjwa huu baharini. Lakini akipita kidimbwini njiani ili kujiondoa chumvi mwilini, huko aweza kuupata.

DAWA NA KINGA

Tangu miaka ya 1980 sehemu za Msambweni zimejulikana sana na wataalamu wa kichocho. Watumishi wa afya wa Serikali ya Kenya, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, waliwapima na kuwatibu watoto wa shule huko. Dawa itumiwayo leo ni vidonge vya prazikwanteli. Huwaua wadudu wakubwa, na mtoto akitibiwa mapema ukuta wa kibofu huweza kupona. Lakini kovu la miaka mingi dawa hailiondoi. Hiyo ndiyo sababu ya kuhimiza watu wasingoje.

Tangu mwaka 2012 Kenya imekuwa na mpango mkubwa wa kutoa dawa za minyoo shuleni, na watoto wa Kwale ni miongoni mwa waliopewa dawa ya kichocho. Wazazi wengine huogopa, maana mtoto akimeza vidonge huenda akaumwa na tumbo, akaona kizunguzungu au akatapika. Mambo hayo kwa kawaida hupita upesi, tena hupungua mtoto akila kwanza. Kumficha mtoto nyumbani siku ya dawa ni kumwachia mdudu nafasi.

Yafaa kila mtu ayashike mambo haya:

1. Asikojoe majini wala kando ya maji. Choo kinatosha kuikata njia ya mdudu.

2. Maji ya kuoga yaliyotoka kidimbwini yachemshwe, au yawekwe katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili kamili, maana vijidudu vyenye mkia haviishi zaidi ya hapo. Lakini ya kunywa ni lazima yachemshwe.

3. Anayeona damu katika mkojo aende hospitali akapimwe. Mkojo mzuri wa kupimwa ni ule wa karibu na adhuhuri, kwa kuwa wakati huo mayai hutoka kwa wingi.

4. Aliyetibiwa asidhani amekingwa. Dawa haiwaui vizuri wadudu wachanga, na akirudi katika maji yale yale ataambukizwa tena.

Watu wengine husema: "Tutafanyaje, na maji ni hayo hayo?" Neno hilo ni la haki, na mama mwenye ndoo kichwani halaumiwi kwa kufuata maji yalipo. Dawa peke yake haiwezi kuumaliza ugonjwa mahali ambapo kidimbwi ndicho kisima, bafu na dobi. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukikaa kusema juu ya bomba au kisima kilichofunikwa, wenye mashamba na wenye kalamu waende wakaseme. Kila siku mtu apatapo maji safi karibu na nyumba yake, figo zake na kibofu chake hupumzika na vita.