Bukavu: Afya njema inahitaji likirimba, si hotuba tu

Kila mwanzo wa mwaka wakaaji wengi wa Bukavu hujiwekea ahadi ileile: kupunguza pombe, kupunguza sukari katika chai, kutembea kwa miguu kutoka Essence hadi Nyawera badala ya kupanda pikipiki. Ukifika mwezi wa pili, ahadi imekwisha kimya kimya. Mwenyewe akiulizwa, hujibu kwamba moyo haujamjia bado. "Posho ijayo nitaanza." Posho hiyo haifiki, mpaka siku muganga anapomwambia kwamba tansio yake imepanda hadi 18, ama asubuhi anapoamka na mkono mmoja haumtii tena.

Neno hilo "moyo" ndilo linalopoteza watu. Wengi wanafikiri kwamba hamu ya kuishi vizuri inatangulia, kisha matendo yanafuata. Lakini hakuna mtu anayengojea hamu ili atoe pesa ya likirimba. Mama anayeuza sambaza katika soko la Kadutu anaweza kuwa amechoka, mvua imenyesha tangu asubuhi, wateja hawakuja, na bado jioni anatoa franga zake. Anatoa kwa sababu wenzake tisa wanamngoja, na kwa sababu anajua zamu yake itafika na yeye pia atawangoja. Hamu haikuulizwa. Ahadi ya afya inavunjika upesi kwa sababu mtu huifanya peke yake, ndani ya roho yake, mahali ambapo hakuna anayeisikia wala anayeidai.

Kwa muda mrefu dawa iliyotumiwa dhidi ya uvivu huo ni woga. Tarehe 17 ya mwezi wa tano, siku ya kimataifa ya tansio, na tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, siku ya ugonjwa wa sukari, redio zinakumbusha kwamba magonjwa hayo yanaua, yanapofusha macho, yanakata miguu. Yote hayo ni kweli. Ila woga ni kama moto wa majani makavu: unawaka sana na unazimika haraka. Tena tansio ina ujanja wake, haiumi. Mwenye malaria anatetemeka na kukimbilia kituo cha afya, lakini mwenye tansio ya juu anakula, anacheka, analala vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huo duniani hawajui kama wanao. Ni vigumu kumtisha mtu kwa muda mrefu na kitu asichokisikia mwilini.

Kuna utafiti mmoja maarufu wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, ambao waganga hupenda kuutaja. Watu zaidi ya 3 000, wote wakiwa karibu kuingia katika ugonjwa wa sukari, waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini, lingine vidonge visivyo na dawa ndani, na la tatu liliombwa kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma, sana sana kutembea kwa haraka. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, dawa ilipunguza idadi ya walioshikwa na ugonjwa kwa asilimia 31. Kutembea na kula vizuri kulipunguza kwa asilimia 58.

Habari hiyo husimuliwa kama ushindi wa miguu juu ya vidonge. Lakini kuna sehemu inayorukwa. Watu wa kundi lile la tatu hawakuachwa na karatasi ya mashauri mkononi. Kila mmoja alipewa mtu wa kumfuata, aliyekutana naye mara 16 katika miezi ya kwanza, akimpima uzito, akimuuliza alikula nini na alitembea siku ngapi, wakitafuta pamoja njia pale mambo yaliposhindikana. Wamarekani walilipa wafanyakazi kwa kazi hiyo. Katika Kivu hakuna feza za kumlipa mtu kama huyo, wala si lazima ziwepo, kwa sababu watu wa kuulizana tayari wapo kwenye kila avenyu.

Shida ni kwamba mara nyingi watu hao wa karibu wanavuta upande mwingine. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndipo hotuba za afya hazipagusi. Mtu akianza kupunguza mafuta na kupoteza kilo tano, hapongezwi. Anaulizwa: "Umepunguka sana, uko mgonjwa?" Wengine hawamuulizi yeye, wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, na jina la ukimwi linatajwa kwa sauti ya chini. Mke wa mwanaume aliyepunguka anaonekana kama mke asiyelisha vizuri. Kitambi, kwa upande wake, kinaheshimiwa. Ni cheti cha kwamba kazi inalipa na nyumba ina amani. Ni nani atakayekuwa na nguvu ya kushindana peke yake na mtaa mzima, kila siku, kwa ajili ya faida ambayo itaonekana baada ya miaka kumi?

Na si mtaa tu. Katika sherehe ya ndoa, anayekataa chupa ya pili anaulizwa kama ameingia kanisa jipya. Mgeni anayeacha nusu ya bugali kwenye sahani anamuudhi aliyepika. Halafu kuna jambo la chungu. Muganga anapomwambia baba apunguze chumvi, kwa kweli anamwambia mama, maana ndiye anayepika. Mama huyo hawezi kuwasha jiko mara mbili, makala ni bei kali. Ama nyumba yote inabadilisha mapishi, ama hakuna anayebadilisha. Kipimo kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake zinahesabiwa pia chumvi ya samaki mkavu na ile ya kibe kinachotupwa katika sombe. Hakuna mtu anayeweza kushika kipimo hicho kama aliyeshika mwiko hajakubali.

Wapo wanaojibu kwamba haya yote ni mambo ya matajiri, ama ya wazungu wenye viatu vya spoti. Jibu hilo lina uongo na lina ukweli. Uongo wake ni kwamba chakula kizuri kingekuwa kile cha bei kali. Maharagi, lengalenga, sombe, avoka, sambaza za ziwa Kivu: hivyo ndivyo vyakula ambavyo waganga wangetamani kuviona kila mahali, na vimejaa katika masoko ya Kadutu, Uvira na Butembo. Kinachokausha mfuko ni bia, vinywaji vya sukari na mandazi ya kila asubuhi.

Ukweli wake ni kwamba familia nyingi zinakula mara moja tu kwa siku, usiku, na mlo huo lazima uwe mlima wa bugali ili watoto walale. Hakuna hotuba inayoweza kubadilisha hilo, na anayejaribu angefaa kwanza kuangalia bei ya unga. Vilevile kuna wanawake wanaobeba mizigo mgongoni kutoka ukingo wa ziwa hadi juu ya vilima, kuanzia asubuhi mpaka giza. Kuwaambia wafanye mazoezi ni matusi. Wao wanahitaji kupumzika, kushiba, na kupimwa tansio mara kwa mara kama watu wengine, kwa sababu kazi ngumu haimkingi mtu na chumvi nyingi. Mazungumzo ya kutembea yanawahusu zaidi wafanyakazi wa ofisi, wafanyabiashara wanaokaa dukani toka saa moja mpaka saa kumi na mbili, walimu, wachungaji, na wanaume wa pikipiki ambao kila siku wanazunguka mji mzima bila kukanyaga chini.

Kwa watu hao, chombo kinachofaa kipo tayari. Ni likirimba, na hasa vikundi vya AVEC vilivyoenea katika Kivu yote. Kila juma watu wanakutana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko mikononi mwa watu watatu tofauti. Anayechelewa analipa faini, na asiyefika bila sababu analipa zaidi. Hakuna anayeona faini hiyo kuwa ukatili, maana ndiyo inayomtoa mtu kitandani siku ambayo hana nguvu ya kutoka. Kikundi kinachojua kuhesabu sehemu, mikopo na riba kinaweza pia kuongeza mstari mmoja katika daftari: nani alitembea siku tatu juma hili, na nani hakutembea.

Pesa yenyewe inaweza kusaidia. Huko Ufilipino, katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, benki moja iliwaomba wavutaji wa sigara waweke akiba kwa miezi sita, kisha wapimwe mkojo. Aliyekutwa na nikotini alipoteza akiba yake. Walioombwa kuingia katika mpango huo waliacha sigara zaidi kuliko wale ambao hawakuombwa, na hali ilibaki hivyo hata walipopimwa tena kwa ghafla baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, ni mtu mmoja tu kati ya kumi hivi aliyekubali kuweka pesa yake. Kwa hiyo jambo hili si la kulazimisha kikundi kizima. Watano wakikubali kati ya ishirini na watano, hao watano waanze, na wengine waendelee na akiba yao kwa amani.

Kuna hatari moja ambayo lazima isemwe waziwazi. Bukavu ni mji unaoongea. Mtu akisikia kwamba tansio yake itasomwa mbele ya watu ishirini na watano, harudi tena, na atakuwa na haki. Hivyo namba za tansio na za sukari zibaki kati ya mtu na muganga wake. Daftari liandike tu yale ambayo mtu anayaweza kwa mikono na miguu yake: alifika, alitembea, alikwenda kupimwa. Kumtoza mtu faini kwa sababu kilo zake hazikushuka ni kumwonea, maana kilo hazitii amri, na miili haifanani. Tena mwenye kumeza dawa za tansio ama za sukari asiziache ati kwa sababu sasa anatembea kila asubuhi. Muganga peke yake ndiye anayeweza kuzipunguza. Kosa hilo limekwisha kuwapeleka wengi hospitali, hasa pale dawa zinaponunuliwa kwa shida na mtu anatafuta sababu yoyote ya kupumzisha mfuko. Kikundi kinaweza kusaidia hapo pia: badala ya kila mmoja kununua vidonge viwili viwili katika duka la dawa la kando ya barabara, mkopo mdogo wa AVEC unaweza kununua vya mwezi mzima.

Inachukua muda gani mpaka kutembea kuwe desturi, mpaka mtu aone ajabu siku asipotembea? Watafiti wa London waliwafuata watu 96 na kukuta kwamba muda wa katikati ni siku 66. Lakini mmoja alizoea kwa siku 18, na kwa mwingine ilihesabiwa ingehitaji siku 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Hilo linawahusu sana wale wanaoshindwa juma la pili kisha wanatupa yote kwa aibu. Katika likirimba, aliyekosa juma moja analipa na anaendelea, hafukuzwi.

Mpango huu hauondoi deni la viongozi. Viwanja vingi vya wazi katika Bukavu vimejengwa nyumba. Pembeni za barabara zimekuwa soko, na anayetembea anashindana na pikipiki na vumbi. Na tangu mwanzo wa mwaka 2025, katika Goma na Bukavu, si kila mtu anayethubutu kutoka nje kabla ya jua kuchomoza. Vijana wanaokimbia kwa vikundi asubuhi ya jumapili wakiimba wana umri wao na idadi yao ya kuwalinda. Mama wa miaka 50 hawezi kuigiza hilo. Yeye atahitaji saa nyingine: baada ya misa, wakati wa kwenda sokoni, jua likiwa juu na watu wakiwa wengi njiani.

Wanakwaya tayari wanarudi nyumbani kutoka mazoezi ya nyimbo saa kumi na moja, wengi wakielekea upande mmoja, kila mmoja akitafuta pikipiki yake. Ndani ya shirika la parokia hakukosi muuguzi, na muuguzi hakosi kipimo cha tansio. Anayetaka kuanza juma hili atafute wanne wengine wa njia yake, wakubaliane siku tatu na kiasi cha faini, na daftari lishikwe na yule ambaye hawezi kumsamehe hata dada yake.