Visingizio vya herufi za njumu

Kaa kwenye karakana yoyote ya Ngamiani, Tanga, uulize kuhusu kibao cha jina chenye herufi za njumu: mti mweupe uliopachikwa ndani ya mweusi hadi kidole kisihisi kiungo. Utajibiwa kwa uhakika mkubwa, na mengi utakayoambiwa si kweli.

"Mashine yangu ya bei rahisi, ndiyo maana herufi zinacheza." Mashine haina kosa. Nazungumzia msumeno wa nakshi, ule ambao bledi yake nyembamba hupanda na kushuka mahali pamoja nawe ukazungusha ubao. Herufi inacheza kwa sababu ilikatwa peke yake, na tundu nalo peke yake. Bandika ubao mweupe juu ya mweusi, zote unene mmoja, inamisha meza kidogo, kisha kata zote mbili kwa pamoja. Herufi ya juu itatoka na kingo zilizolala kama kizibo. Ikishuka kwenye tundu la chini inakaba yenyewe, na nafasi iliyoliwa na bledi inapotea. Pembe haikisiwi. Gawanya upana wa mkato kwa unene wa ubao, zidisha kwa 57, umepata digrii. Bledi inayokula nusu milimita kwenye ubao wa milimita 6 inataka digrii 5 kasoro kidogo. Wa milimita 10, kama 3 tu. Herufi ibaki upande uleule wa bledi tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi niliwahi kugeuza mwelekeo katikati ya S, na ile S ikawa kuni.

"Herufi yenye tumbo haiwezekani." Inawekwa mara mbili. O ipachike kwanza kama duara zima lisilo na tundu. Gundi ikikauka, rudi na mti mweusi ulale juu yake, kata tumbo, mweusi uzame ndani ya mweupe. A, B, D, P na R ni hivyohivyo, na kwa anayeandika Kiarabu, mim, waw, fa na qaf pia. Kitundu cha kuingizia bledi kitoboe kwa keekee nyembamba juu ya mstari wenyewe, kwenye kona, kwa pembe ileile ya meza. Nukta za Kiarabu usizihangaikie kwa msumeno: toboa, gongomea kijiti cha mviringo, sawazisha kwa msasa.

"Vumbi la mbao na gundi huficha kila ufa." Huficha siku ya kumkabidhi mteja. Ukipaka vanishi, mchanganyiko ule unakolea kuliko mti wenyewe. Kisha kuna hewa yetu. Mbao iliyoshuka kavu kutoka bara inakunywa unyevu wa bahari, na inatanuka kwa upana, si kwa urefu. Nyuzi za herufi zikikingamana na za ubao, masika yatakuonyesha.

"Mpingo unaungua." Mwendo ukiwa mkali au meno yakiwa butu, mti wowote utaungua. Mpingo unazama majini kwa uzito, hivyo uchane mwembamba, punguza kasi, bandika selotepu juu ya mstari. Mimi naogopa zaidi mtiki wa Longuza, Muheza. Unakatika kwa upole huku ukimaliza meno ya bledi, na mafuta yake yanakataa gundi usipoufuta kwa spiriti kwanza.

"Njumu ni kazi ya Wazungu." Viti vya enzi vya visiwa vya Lamu vilipachikwa mifupa na pembe za ndovu kabla umeme haujafika pwani hii.

"Mashine ya kompyuta imetumaliza." Ncha yake ya kawaida ya kukatia ni ya duara, na hata ya milimita 3 haiwezi kuingia kwenye kona kali. Herufi L ina kona sita: tano zitabaki mviringo kwenye tundu na moja kwenye herufi, zote zikisubiri patasi. Jina likiwa LULU, kona hizo ni 12 kwa L peke yake.