Fari yenye ukungu haimwoni mama wa pembeni ya barabara

Wandugu na wadada, vijana wa Lubumbashi na wa miji yote yenye taa za barabarani ni za kuhesabu,

Leo hatuandiki juu ya uchaguzi wala juu ya katiba. Leo tunaandika juu ya fari. Ndiyo, fari ya gari: ile kioo ya mbele yenye ilikuwa nyeupe siku gari ilitoka kiwandani, na leo iko manjano kama meno ya mvuta tumbako. Mwenye anataka kucheka, acheke kwanza, halafu asome mpaka mwisho.

Usiku mmoja wa mvua tulikuwa wanne ndani ya taksi, tunatoka kwenye kilio upande wa Ruashi. Shofere alikuwa ameinama juu ya volan, macho karibu yaguse kioo. Mara moja akakata kuume, akashika breki, sote tukarushwa mbele. Mama mmoja alikuwa pembeni ya barabara na beseni ya vitumbua kichwani. Gari haikumgusa. Beseni ilianguka, vitumbua vyote vikaingia ndani ya matope. Shofere alishuka akitetemeka, neno lake lilikuwa moja tu: « Sikumwona, mama. Sikumwona. »

Tulipokuwa tunamsaidia mama kuokota, mmoja wetu aliangalia mbele ya ile gari. Mwanga wa fari ulikuwa kama mshumaa ndani ya mfuko wa nailoni. Kwanza tulitaka kumtukana shofere. Halafu tukataka kuitukana leta, kwa sababu pale hakuna hata taa moja ya barabarani. Halafu tukauliza swali lenye lilitufunga midomo: kesho jioni, hii gari itapita tena hapa na fari hizi hizi. Nani atakuwa amefanya nini?

Shofere alitueleza hali yake. Gari si yake. Kila jioni anapaswa kumpelekea patron pesa, mvua inyeshe isinyeshe. Fari mpya mbili zinapita uwezo wake, na patron anasema fari si motere, gari inatembea, basi ifanye kazi. Njo vile mambo yanabaki.

Sisi tuko kikundi cha vijana sita. Wanne tuna diploma ya université: wawili ekonomia, mmoja sheria, mmoja kemia. Kazi hatuna. Mwenzetu wa kemia, tangu amalize masomo, hakuna mtu amewahi kumuuliza swali juu ya kemia. Juma ile alipata darasa, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa sisi.

Alitueleza hivi. Zamani fari zilikuwa za kioo kweli. Tangu miaka ya 1980 viwanda vilianza kutumia plastiki yenye inaitwa polikarbonati. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo jiwe likiipiga. Lakini ina maadui wawili: mikwaruzo na jua. Mionzi ya jua yenye hatuioni kwa macho inaila polepole. Kwa hiyo kiwanda kinaipaka juu verni nyembamba, ngumu, ya kuilinda. Miaka ikipita, ile verni inakufa. Inaanza kubanduka, vumbi inaikwaruza, na jua linafika kwenye plastiki yenyewe. Manjano unayoona si uchafu, ndiyo maana sabuni haiitoi. Ni ngozi ya fari yenye imekufa.

Sasa fikiria mji wetu. Tuko juu, karibu metre 1.200 juu ya bahari, na jua la huku halina huruma. Kipwa kikifika, miezi inapita bila mvua, na vumbi ya barabara za migodi inapiga mbele ya gari kama msasa mbovu. Tena gari zetu nyingi zinatufikia zikiwa tayari zimezeeka ugenini, ndipo zinaanza maisha ya pili kwetu.

Mwaka 2018, shirika la waendesha magari la Marekani, AAA, lilipima fari zilizochakaa. Waliona zinaweza kutoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa fari mpya. Kwa kilometre 60 kwa saa, gari inakata karibu metre 17 kila sekunde. Shofere akichelewa sekunde moja kumwona mtu, hizo metre 17 zimekwisha kupita. Tena mwanga wenye haufiki barabarani haupotei bure. Unatawanyika ndani ya ule ukungu na kuingia macho ya mwenye anakuja mbele. Fari mbovu inamfanya shofere kipofu nusu, na inampofusha mwenzake pia.

Hapa tunapaswa kuungama kosa letu, kwa sababu kama hatuungami, hatuna haki ya kumwandikia mtu yeyote.

Tulipoamua kuanza, tulishika njia ya haraka: dawa ya meno na kitambaa. Tulifanya taksi tatu siku moja. Zikang'aa! Wenye gari walifurahi, walitulipa, sisi tukajiona mabwana. Hazikupita hata juma sita. Shofere mmoja alirudi, fari zake manjano tena, akatuambia bila kupandisha sauti: « Bana, hamukunifanyia kazi. Mulinipakalia. »

Neno hili lilituuma kuliko tusi. Kwa sababu hii njo kazi yenye tunawalaumu wakubwa kila siku. Mgeni anakuja, wanapaka rangi ukuta wa mbele, wanafagia barabara moja, wanapiga picha. Mgeni akienda, mji unabaki vile vile. Sisi tulifanya nini tofauti? Dawa ya meno inasugua juu juu tu, na haiachi kinga yoyote. Tulimuuzia baba wa familia mng'ao wa siku chache, na usiku akaendesha akijua anaona. Tulirudisha pesa zote. Halafu tukajifunza upya, na leo tunaweka hapa kile tulichojifunza, ili mwenye anataka afanye nyumbani kwake.

Kwanza, angalia kabla ya kugusa. Gonga fari kwa ukucha. Kama inalia kama glasi, ni kioo kweli, kama ya malori na jeep za zamani. Msasa utaiharibu, iache. Kama matone ya maji yako ndani, tatizo ni maji kuingia, na kusugua nje hakusaidii kitu. Kama ile kioo ya ndani yenye inarudisha mwanga imeungua, fari hiyo imekwisha. Mwambie mwenye gari ukweli, usimle pesa.

Pili, osha kwa maji na sabuni, kausha, halafu zungusha skochi pembeni yote ya fari, mara mbili. Rangi ya gari ikikwaruzwa, deni ni lako.

Tatu, msasa wa maji. Fari yenye verni inabanduka sana, anza na namba 800. Yenye ukungu wa kawaida, anza na 1000. Halafu 1500, halafu 2000. Usisugue pakavu hata mara moja: ndoo ya maji iwe karibu, na tone la sabuni ndani. Namba ya kwanza sugua kwenda na kurudi upande mmoja. Namba inayofuata, geuza upande, ili uone mikwaruzo ya kwanza inaisha. Mwanzoni maji yatashuka manjano kama uji wa mahindi. Ile ndiyo verni iliyokufa. Endelea mpaka yashuke meupe na usione tena madoa. Baada ya namba ya kwanza fari itaonekana mbaya kuliko mwanzo, na mwenye gari atakuangalia vibaya. Usiogope, wala usiruke namba. Fari mbili zinaweza kukula saa moja na nusu, hata mbili. Mkono utauma.

Nne, kinga. Hapa njo siri yote, na hapa njo tulipokosea. Pangusa fari kwa alkoli ya famasi, iache ikauke. Halafu puliza verni ya gari isiyo na rangi, yenye imeandikwa kwamba inakinga mionzi ya jua. Tabaka mbili au tatu nyembamba, kivulini, pasipo vumbi, na muda kati ya tabaka kama kopo linavyosema. Verni inashika vizuri penye msasa umepita na inajaza mikwaruzo midogo, kwa hiyo hauna haja ya kupolisha kwanza. Kuna verni ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha. Ile ni ngumu na inadumu zaidi, lakini mvuke wake ni sumu ya mapafu. Fanya nje, na barakoa ya kazi ya rangi, si kitambaa.

Kama verni haipatikani, polisha kwa pati ya kupolishia gari mpaka fari iwe safi, halafu paka nta ya gari. Lakini nta inaisha haraka, inapaswa kurudiliwa tena na tena. Mwambie mteja hivyo kabla hajatoa franka hata moja.

Mambo ya kukimbia: petroli, na ile dawa ya mbu ya kupuliza. Inang'arisha mara moja, ni kweli, kwa sababu inayeyusha ngozi ya plastiki. Baadaye plastiki inapasuka mistari midogo yenye msasa hautaitoa tena.

Kuna jambo moja tena, na wengi hawalisemi. Gari nyingi za hapa ziko na volan kuume. Zilitengenezwa kwa nchi kama Japani, kwenye watu wanatembeza upande wa kushoto. Fari zao za chini zinapandisha mwanga kidogo upande wa kushoto, ili kuangaza pembeni ya barabara yao. Sisi tunatembeza kuume. Basi ule mwanga unapanda kwenye macho ya mwenye anakuja! Ukisafisha fari bila kuirekebisha, umemwongezea mwenzako upofu. Simamisha gari mbele ya ukuta usiku, angalia mwanga unafika wapi, na ushushe kidogo kwa visi vya nyuma ya fari, ukisaidiwa na fundi. Kushusha kunapunguza shida. Dawa kamili ni fari za nchi zenye kutembeza kuume. Tena usiweke ampuli ya wati 100 ndani ya fari ya H4 yenye ilitengenezwa kwa wati 60 na 55. Joto litaunguza nyaya na fari yenyewe.

Sasa tunajua wengine watasema: « Ninyi vijana mumeacha kudai haki, munasugua magari. » Hapana. Tunasafisha fari, hatusafishi leta. Tumeona kwa macho karatasi ya kontroli ya gari inatolewa bila mtu kuuliza fari ziwashwe. Tumeona shofere akisimamishwa juu ya fari mbovu, analipa mkononi, anaendelea na safari na fari zile zile. Pesa imepita, hatari imebaki. Kwa hiyo tunadai: mwenye anatoa karatasi ya kontroli, apime fari kweli. Mwenye anasimamisha gari usiku juu ya fari, asiiachilie tu baada ya kulipwa. Na barabara zenye mama zetu wanauzia jioni ziwekewe taa. Ma patron nao wajue: fari si mapambo, na uhai wa mtu hauko kwa hesabu ya shofere peke yake.

Lakini mama wa vitumbua hawezi kungoja mpaka madai yetu yajibiwe. Atauza leo jioni. Kudai na kufanya ni mikono miwili ya mtu mmoja.

Kwenu wenye diploma kama sisi: nyumbani walituuliza, « Tulikulipia minervali miaka yote hii ili ushike msasa? » Swali ni la haki na linauma, kwa sababu wazazi waliuza vitu vyao. Jibu letu ni hili. Aibu ya kukosa kazi si yetu, ni ya wale wenye waliahidi kazi. Aibu ya kufanya kazi mbaya, hiyo ingekuwa yetu. Masomo yametusaidia kujua kwa nini dawa ya meno inadanganya. Sasa tutumie masomo hayo mpaka tupate kitu bora, na hata tukipata.

Kila Jumamosi asubuhi tunashika ndoo. Tunaanza na taksi na gari zenye kubeba watu. Bei tunaisema mbele, na tunaeleza kazi itadumu namna gani. Wewe fanya vile vile kwenye mtaa wako: anza na gari ya jirani, ya mjomba, ya yaya wako. Msasa wa namba tatu, maji, verni, na uvumilivu.

Ile taksi tuliifanya upya, bure. Juma iliyofuata tulipanda tena naye, usiku, barabara ile ile, taa za barabarani bado hakuna. Mama alikuwa pale pale na beseni yake. Shofere alimwona mbali kabisa, akapunguza mwendo, akasimama. Tulinunua vitumbua.