Nani Aliyeliuza Neno "Okoa"?

Ndugu walimu, Novemba iliyopita mwenye duka mmoja wa hapa Kampala alinijia na karatasi ya tangazo, akanitaka nimfasirie maneno yake kutoka Kiingereza. Lilihusu seti ya masufuria: bei ya zamani shilingi 180,000, bei ya sikukuu 120,000. Nikaandika kwa herufi kubwa "OKOA SHILINGI 60,000", nikapokea ujira wangu, nikaenda zangu. Usiku ule nilipolikumbuka neno lile, haya ilinishika.

Kuokoa ni kumtoa mtu katika hatari. Huokolewa mwenye kuzama, huokolewa mtoto katika nyumba iwakayo moto. Katika masufuria yale ni nani aliyeokolewa? Mama aliyetoka nyumbani na 120,000 mkobani amerudi hana hata senti. Zile 60,000 hakuwa nazo kamwe. Zilikuwa wino juu ya karatasi, na mwenye kuutia wino ule ni mwuzaji, ambaye aweza kuipandisha bei ya zamani mpaka apendapo. Kitendo alichokitenda mama yule kina jina katika Kiswahili: ametumia. Ikiwa alihitaji masufuria, ametumia vema. Lakini tusimwambie kwamba ameokoa.

Tuliokulia karibu na masoko twajua kwamba punguzo lilikuwa la kuombwa. Mnunuzi ndiye aliyesema "nipunguzie", mwuzaji akaapa kwamba anapata hasara, wakavutana, wakacheka, bei ikapatikana katikati. Nenda leo katika soko la Owino utayasikia yayo hayo. Ndani ya kitenzi kile mna watu wawili, na yule mwenye kuomba amekwisha kujua anachokitaka. Punguzo la sikukuu ni jambo jingine kabisa. Lamfuata mtu katika simu yake angali kitandani, halikuombwa na yeyote, na lamwonya kwamba saa sita ya usiku litakwisha. Hapo hakuna mapatano, kuna haraka tu. Na mwenye haraka hununua kilichopunguzwa, si alichokihitaji.

Hata siku yenyewe si yetu. Wamarekani huadhimisha Siku ya Kutoa Shukrani Alhamisi moja ya Novemba, na mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha kwa juma moja ili wenye maduka wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Kesho yake, Ijumaa, askari wa mji wa Philadelphia waliipa jina la Ijumaa Nyeusi katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kuchoshwa na msongamano wa watu na magari. Huko Ghuba, mwaka 2014, duka la mtandaoni la Souq liliiita Ijumaa Nyeupe, maana haikufaa siku ya ibada kuitwa nyeusi. Rangi ikabadilishwa, mauzo yakabaki yale yale. Kwetu Alhamisi hiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Tumeletewa mkia bila ya mnyama!

Na fedha zatoka wapi? Kwa wengi zatoka katika simu ile ile iliyoleta tangazo, kwa njia ya mkopo. Hapo napo Kiswahili kimeajiriwa. Jirani zetu wa Kenya wana mkopo wa muda wa maongezi uitwao Okoa Jahazi, ambao hukatwa ada ya sehemu moja ya kumi; na tangu mwaka 2019 wana Fuliza, imwezeshayo mtu kulipa zaidi ya salio alilo nalo katika M-Pesa. Majina mazuri, nakiri. Aliyeyabuni aijua lugha kuliko wengi wetu. Lakini kufuliza ni kutenda bila ya kukoma, na ndivyo lilivyo deni la Desemba. Hapa Uganda mwaka wa shule huanza Februari. Ni mwalimu gani asiyewaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nao wamevaa viatu vya Krismasi?

Nitaambiwa kwamba nachukia furaha za watu. Sichukii. Mtoto apewe nguo mpya ya Krismasi au ya Idi, na mzazi aingie Kikuubo katika msongamano wa Desemba akabebe mchele na sukari. Ninalolikataa ni sisi walimu, tuliokabidhiwa maneno, kuyakodisha kwa kumdanganya mzazi huyo. Tangazo la duka na lisomwe darasani, wanafunzi wakague kila kitenzi chake na kufanya hesabu ya kilichobaki mkobani.

Nilirudi kwa mwenye duka nikamwomba tulibadilishe neno. Alicheka sana. "Mwalimu," akasema, "hilo la kwako haliuzi." Novemba ijayo atakuja tena, nami nimekwisha kumwambia kwamba nitamwandikia jina la kitu na bei yake, basi.