Seva haijafa, foleni ndiyo imejaa

Tiketi zinaanza kuuzwa saa sita kamili. Unabonyeza, kiduara kinazunguka weee, halafu wapi! Unalaumu bando lako. Mwenye tovuti naye anakimbilia kukodisha seva kubwa zaidi. Kumbe huenda shida ni namba moja tu.

Programu ya seva inapofungua soketi, huiambia mashine ni wateja wangapi wanaweza kupanga foleni wakisubiri kupokelewa. Mifano mingi ya kufundishia Python huandika 5. Sisi madeveloper tunanakili vivyo hivyo, hadi kwenye kazi ya mteja anayelipa.

Hata ukiandika 1000, Linux ina kikomo chake, somaxconn. Kwa miaka mingi kilikuwa 128, hadi toleo la 5.4 la mwaka 2019 lilipokipandisha hadi 4096. Ukizidisha, inakukata kimyakimya, bila onyo. Na foleni ikijaa, kwa kawaida mteja haambiwi lolote. Ombi lake linatupwa, simu inajaribu tena baada ya sekunde 1, inangoja 2, kisha 4. Ndiyo maana kiduara hakiishi kuzunguka.

"Basi si niweke 4096 yaishe?" Hapo ndipo ninapokataa. Kurefusha foleni stejini hakuongezi matatu. Watu watasimama hadi wachoke, nawe utakuja kumhudumia mtu aliyeenda zake kitambo.

Anza na anayepokea. Asiwe yeye tena wa kungoja hifadhidata ijibu. Apokee, akabidhi kwa wengine, arudi mlangoni. Kisha piga hesabu. Kama unapokea wateja 200 kwa sekunde na huoni ubaya wakingoja sekunde 2, foleni ya 400 inatosha. Wakizidi uwezo wa kuhudumiwa, programu iwajibu upesi: "Tumejaa, jaribu baadaye."

Usibahatishe pia. Andika ss -lnt kwenye seva yako: Recv-Q ni wanaosubiri, Send-Q ni kikomo. Zikikaribiana, ujue moto unawaka.

Wengine watasema hayo ni mambo madogo ya mafundi. Zii! Anayengoja upande ule huenda amenunua bando la saa moja kwa shilingi zake za mwisho. Kumwambia ukweli mapema ni heshima. Kumwacha akitazama kiduara ni madharau.