Ulimi Hauonji Madini Joto

Kila ninaposikia kiongozi akisema kwamba upungufu wa madini joto unatokana na "uelewa mdogo wa wananchi", najiuliza ni mwananchi gani huyo anayetakiwa kuelewa, na aelewe kwa kiungo kipi. Madini joto yakiwa ndani ya chumvi hayaonekani, hayanuki, wala ulimi hauyaonji. Mama anayepimiwa chumvi kwa kikombe gulioni hana njia ya kutambua iliyotiwa na isiyotiwa. Kumhubiria ni kumtwika mzigo wa serikali.

Tuutazame mwili wenyewe. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi 4 za madini joto. Homoni hiyo huongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na kasi ya kutumia chakula. Ikipungua katika damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni nyingine ya kuiamuru thairoidi iongeze kazi. Thairoidi hutii. Malighafi isipokuwepo, amri huzidi, nayo tezi hutanuka ikijaribu kunasa kila chembe ipitayo, hadi shingo ivimbe. Rovu, basi, ni kiungo kinachotii amri pasipo kupewa vifaa. (Watumishi wa umma wanaonisoma hawahitaji ufafanuzi zaidi.)

Na rovu ni hasara ndogo, maana angalau inaonekana. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto aliye tumboni hana thairoksini yake mwenyewe. Hutegemea ya mama, na ubongo wake hujengwa kwa hiyo. Upungufu mkubwa wakati huo huacha athari ambazo hakuna mwalimu awezaye kuzifuta. Hatuna haya kuwaita watoto "wazito wa kuelewa" kabla hatujauliza walipikiwa kwa chumvi gani.

Uswisi, nchi iliyoteswa na rovu kwa karne nyingi, ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Haikungoja wakulima wa milima ya Alps waelimike kwanza. Sisi Tanzania tumekuwa na kanuni za kulazimisha jambo hilo tangu miaka ya 1990. Na anayedhani kwamba tatizo ni la nyanda za juu peke yake aikumbuke Pemba, ambako rovu ilionekana ingawa kisiwa kimezungukwa na maji: chumvi ya bahari ikishakaushwa hubaki na madini joto kidogo mno.

Tani moja ya chumvi yahitaji gramu 50 hivi za potasiamu iodeti ili kila kilo ipate miligramu 30 za madini joto. Mvunaji mdogo wa Lindi au Bagamoyo, anayekauka kwa jua lile lile linalokausha chumvi yake, atazinunua wapi gramu hizo? Kumtishia faini kabla ya kumfikishia dawa na pampu ya kunyunyizia ni uonevu.

Semina, fulana na posho hazikosi kifungu katika bajeti. Ningependa mwanafunzi mmoja aende katika halmashauri ya kwao akaulize ni lini bwana afya alipima chumvi ya gulioni kwa mara ya mwisho, na ni kifungu kipi kinachonunua dawa ya kupimia. Akipewa kipeperushi, akirudishe mezani, aulize tena.