Tuwasomeshe madaktari wetu utafiti wa saratani

Mtoto akivimba taya, wengi wetu hapa Buzuruga hudhani ni jino. Huenda ikawa saratani ya Burkitt, ambayo ikiwahiwa mapema hutibika kwa dawa. Aliyeieleza kitaalamu mwaka 1958 ni mgeni, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Uganda. Wanaougua ni watoto wa ukanda wetu. Je, watafiti watoke wapi? Chuo cha CUHAS-Bugando, hapa hapa Mwanza, kinafundisha hadi shahada ya uzamivu. Ndugu Waislamu, kijana wetu akishakuwa daktari tusimwambie, "Inatosha, sasa tafuta mshahara." Tumchangie asome utafiti. Tunaamini kila maradhi yana dawa, lakini dawa hutafutwa. Wabillahi tawfiq.